Kidole cha Mwisho cha Oliva Yoakimu

Mjini Katesh mtu akifiwa hupiga simu tatu: kwa ndugu, kwa fundi wa majeneza, na kwa Oliva Yoakimu. Ndugu wanaweza kuchelewa njiani na jeneza linaweza kungoja, lakini wasifu wa marehemu haungoji. Ukizika mtu bila wasifu wake kusomwa mbele ya kaburi, watu wa wilaya ya Hanang watakusema mpaka mavuno yajayo, kwamba hukuzika, ulifukia. Na wasifu za Katesh, awe marehemu mwalimu mkuu au mama muuza vitunguu, kwa miaka ishirini na minne zilikuwa zikichapwa na mwanamke mmoja mwembamba, mjane asiyejaliwa mtoto, aliyekalia kiti chenye mto wa sponji ndani ya steshenari ya Rukia, karibu na stendi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kwenye kompyuta ya Rukia kulikuwa na wasifu mmoja mtupu, vichwa vyake vikiwa tayari: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, ugonjwa, watoto na wajukuu. Oliva aliunakili kwenye flashi ya mteja, akamsikiliza mfiwa, akajaza, huku akihifadhi kila baada ya sentensi moja au mbili, maana umeme wa Katesh hukatika bila kupiga hodi. Akishachapa nakala, alifunga. Mara nyingi mashine ilimuuliza tena kama ihifadhi, naye alikataa bila hata kulisoma swali, kwani kila kitu kilikuwa kimeshahifadhiwa kwenye flashi. Hiyo ilikuwa sheria ya Rukia tangu siku ya kwanza. Maneno ya watu yasilale kwenye mashine yake, kwa sababu leo anakuja mke kuandika malalamiko ya shamba, na kesho anakuja mume kuuliza mke wake aliandika nini.

Watu walishangaa jinsi alivyoweza kuandika vifo vya watoto wachanga asubuhi na saa nne akanywa chai na chapati. Wengine walisema ana moyo mgumu, na waliosema hivyo hawajawahi kufanya kazi ya kuchapa hata siku moja. Mpiga chapa aliyeiva hasikii anachoandika. Maneno yanaingia sikioni yanatokea vidoleni, hayapiti kwingine. Ukimuuliza Oliva jioni wasifu wa mchana ulisemaje, angeweza kukuambia ulikuwa wa kurasa ngapi na kwamba aya ya tatu ilikuwa ndefu mno, basi.

Kilichomponza ni kidole. Kwenye kibodi za dukani, ukitaka kuhifadhi, kunakili au kubandika, lazima ukandamize kitufe cha Control kilichojibanza pembeni kabisa, chini kushoto, huku kidole kingine kikigonga herufi. Kazi ya kukandamiza pale huangukia kidole cha mwisho, kile chembamba, dhaifu kuliko vyote, na ili kifike lazima kiganja kizima kipinde. Fanya hivyo mara mia tano kwa siku kwa miaka ishirini na minne, halafu uje tuzungumze. Kwanza kilikuwa kinakufa ganzi asubuhi. Baadaye maumivu yakapanda ukingoni mwa kiganja, yakapita kwenye kifundo, yakaenda kukaa kwenye kiwiko. Daktari alimpa dawa ya kupaka na kumwambia apumzishe mkono. Oliva alimshukuru, akarudi kazini akiwa amekifunga kidole kwa kitambaa.

Ndipo parokia ikaletewa kompyuta. Marafiki wa kanisa huko Ujerumani walituma Mac ya kupakata, siyo Windows kama ile ya Rukia, ambayo vitufe vyake vilikuwa vimeshamwagikiwa chai na mtu, kwa hiyo ikaja na kibodi yake kubwa ya pembeni, nayo ya Mac vilevile, ya kuchomeka kwa waya. Padri Clement alimwomba Oliva aje kila asubuhi kuchapa vyeti vya ubatizo na matangazo ya Jumapili, kisha mchana aende dukani kama kawaida. Siku ya kwanza padri alimsimamia, akaona Oliva anakandamiza pembeni na mashine haimjibu.

"Hapana, mama," padri akamwambia. "Hii kazi inafanywa na gumba. Kitufe cha Command, hiki hapa, jirani na kitufe cha nafasi. Kunja gumba ndani kidogo tu."

Oliva akakunja gumba. Maandishi yakahifadhiwa. Akafanya tena, akahifadhi kitu ambacho kilikuwa kimeshahifadhiwa, akafanya na mara ya tatu, na machozi yakamlengalenga mbele ya padri. Miaka yote ile, na gumba lilikuwepo muda wote, limekaa bure juu ya kitufe cha nafasi.

Wiki za kwanza zilikuwa vichekesho. Asubuhi parokiani kidole cha mwisho kilikimbilia pembeni na hakuna kinachotokea. Mchana dukani gumba lilikandamiza pasipotakiwa na menyu zikafunguka ovyo mbele ya wateja. Rukia akacheka mpaka ushungi ukateleza. "Dada Oliva, hapa ni dukani, siyo kanisani. Rudisha mkono wa Windows." Oliva alipomwomba fundi abadilishe mpangilio wa kibodi ya duka ili gumba lifanye kazi ya Control, Rukia alikataa, kwa sababu mashine ile ile asubuhi ilitumiwa na binti yake Safina, naye angechanganyikiwa. Alikuwa na haki yake.

Padri Clement ndiye aliyekuja na dawa nyingine. Alimwambia Oliva kwamba ile Mac inaweza kupangwa ili vitufe vyote viwili, cha pembeni na cha gumba, vifanye kazi moja, asipate shida tena ya kukumbuka. Ni suala la dakika tano. Oliva alifikiri kidogo.

"Hapana, baba padri," akasema. "Nikikipa kidole nafasi, kitarudi kazini. Kiache kife njaa, kitazoea."

Aliyasema hayo kwa fahari kidogo, na ni kweli mkono ulijifunza. Baada ya miezi mitano alikuwa na mkono wa asubuhi na mkono wa mchana, na alipovuka barabara kutoka parokiani kwenda dukani alijisikia kama mtu anayebadilisha viatu. Maumivu yalipungua. Ilifika mahali asubuhi za parokiani hazikumuuma kabisa, wala hakukumbuka tena kwamba aliwahi kuwa na kidole kibovu.

Baba yake, mzee Yoakimu Margwe, alikuwa katekista wa kigango, kanisa dogo la kijijini, huko Hirbadaw kwa miaka thelathini na tisa. Alikuwa ameshafika miaka themanini kasoro mmoja, koo lilikuwa linamsumbua, na alijua mwenyewe anakoelekea. Mwezi wa sita alimwita Oliva akamwambia anataka kuandika wasifu wake mwenyewe, akiwa hai, kwa mdomo wake.

"Hizo mnazosoma makaburini ninazisikia," alisema. "Kila mtu alikuwa mpole, kila mtu alipenda watu. Katika miaka yangu yote sijamzika mkorofi hata mmoja hapa Hirbadaw. Mimi nataka wangu uwe wa kweli. Wewe ndiye fundi, utaandika."

Oliva alitaka kumrekodi kwa simu. Mzee akakataa katakata. Alishaona kwenye msiba mmoja sauti ya marehemu ikichezwa kwa spika, watoto wakapiga kelele na mjane akazirai. "Nikishakufa sitaki kuongea," alisema. Mkono wake mwenyewe ulikuwa unatetemeka, kalamu haishikiki. Basi Padri Clement akamruhusu Oliva kuichukua ile Mac siku za Jumamosi, na kibodi yake, apande nayo bodaboda hadi Hirbadaw.

Jumamosi ya kwanza mzee alisimulia kuzaliwa kwake, ubatizo na njaa za zamani. Ya pili akasimulia kazi ya ukatekista na ndoa yake na mama Efrazia, marehemu. Alisema Kiswahili kile cha altareni, taratibu, akimaliza kila sentensi, na Oliva aliandika huku gumba likihifadhi. Marieta, binamu yake aliyekuwa akimuuguza mzee, alikuwa anawaletea uji na kukaa mlangoni kusikiliza. Zilikuwa siku nzuri zile. Ningependa tuishie hapo, lakini haikuishia hapo.

Jumamosi ya tatu mzee alimwambia Marieta aende kisimani, ingawa maji yalikuwepo.

"Andika," akaanza. "Zizini kwangu kulikuwa na jozi ya maksai wa kulimia, mali yangu na ya mdogo wangu Ignasi, tulioachiwa na baba yetu."

Habari ya maksai wale kila mtu wa Hirbadaw anaijua. Sylvester, mdogo wake Oliva, alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa akichunga kule bondeni, akasinzia, alipoamka maksai hawapo. Ignasi, baba yao mdogo, alimtukana mbele ya ukoo mzima. Sylvester aliaga kwamba anakwenda kuwatafuta, na hakurudi. Mpaka leo yuko kijiji cha Dirma, anachunga ng'ombe wa watu, na wanaomfahamu wanasema hajawahi kuonekana ameketi machungani hata mvua ikinyesha, wala hakuwahi kuoa. Alipokufa mama yao aliletewa habari akasema hawezi kuwaacha ng'ombe wa watu. Ukoo ukasema ana roho mbaya. Oliva pekee alijua si roho mbaya, ni aibu, maana mara moja kwa mwaka alimwendea na nguo na sabuni, na kila mara Sylvester alimuuliza kitu kimoja: kama baba bado anakumbuka wale maksai.

"Andika," mzee aliendelea. "Maksai hawakupotea. Niliwachukua mimi. Mtoto alikuwa amelala kwa sababu nilimfanya alime tangu alfajiri, nami nilijua atalala. Niliwapeleka mnadani mbali, ambako hawanijui, nikawauza. Mwaka ule binti yangu Oliva alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea kupiga chapa, na Ignasi alikuwa amekataa maksai waguswe kwa ajili ya mtoto wa kike."

Oliva aliandika jina lake mwenyewe kama ambavyo angeandika la mteja. Kazi yake, kiti chake chenye mto wa sponji, kila sahani ya chakula aliyowahi kula kwa mikono ile miwili, vyote vilikuwa vimelipwa na mdogo wake, ambaye mpaka siku hiyo aliamini kwamba yeye ndiye aliyesinzia akaiangamiza nyumba. Lakini mikono haikusimama. Mikono ya mpiga chapa haisimami. Ila ilirudi nyuma. Ilirudi ilikojifunzia, kabla ya padri, kabla ya Mac, na katika kila sentensi ya mzee kidole cha mwisho kilikwenda pembeni kukandamiza kitufe ambacho kwenye mashine ile kilikuwa hakifanyi kitu, kwa amri yake mwenyewe.

Mzee alieleza jinsi alivyompita mtoto amelala na kusubiri kidogo, jinsi alivyonyamaza siku Ignasi alipomtukana mtoto, na jinsi alivyosimama altareni Jumapili iliyofuata. Akasema anataka yasomwe kaburini, mbele ya ukoo, kwa sababu akiwa hai hana uso wa kuyasema. Akamwapisha Oliva asimwambie mtu kabla ya siku hiyo. Kisha akafumba macho, na akasema maneno ya mwisho, yaliyoelekezwa kwa Sylvester mwenyewe. Aliyasema kwa pumzi moja. Ningeyaandika hapa kama ningeyajua. Oliva aliyachapa yote, na hakusikia hata neno moja.

Palepale mzee akashikwa na kikohozi, damu ikatoka. Oliva aliruka kumshika, na kabla ya hapo, kwa haraka ya mtu anayefunga mlango mvua inapoanza, alifunga maandishi. Mashine ikauliza kama ihifadhi. Alikuwa ameshahifadhi, mkono wake ulikumbuka vizuri sana, zaidi ya mara ishirini. Akakataa, kama alivyokataa kila siku dukani.

Jioni ile akiwa kwenye bodaboda kurudi Katesh kidole kilimuuma mpaka kiwikoni. Alikisugua njia nzima. Ilikuwa miezi hajaumwa kidole baada ya kutumia Mac, na hakujiuliza yametoka wapi. Alidhani ni huzuni.

Jumatatu asubuhi alifungua ili achape nakala moja, amsomee baba yake, aweke sahihi. Wasifu uliishia kwenye sentensi ya maksai wawili walioachwa na babu. Chini yake kulikuwa kweupe. Oliva alishusha ukurasa, akapandisha, akafunga na kufungua tena. Akamwita Padri Clement, bila kumwambia kilichoandikwa kinahusu nini, na padri akatafuta kila mahali kwa saa nzima. Mwishoni padri alimuuliza kwa upole alikuwa anahifadhi kwa kitufe kipi. Oliva aliutazama mkono wake wa kushoto, akaelewa.

Angeweza kwenda Hirbadaw siku ile ile. Hilo ndilo alilokuwa akilirudia baadaye kwa kila aliyemsikiliza. Lakini dukani kulikuwa na mitihani ya shule nne inayosubiri kuchapwa, Rukia alikuwa anahangaika peke yake, na yeye aliona haya kumwambia mzee mgonjwa arudie jambo lililomtoka kwa shida vile. Akajisemea Jumamosi atarudia. Jumatano mchana Marieta akapiga simu. Mzee alikuwa ameanguka uani akitoka kuota jua. Upande wa kulia umelala, na mdomo hausemi.

Oliva aliacha duka, akahamia Hirbadaw. Alituma watu wawili Dirma kumwita Sylvester, wakarudi na jibu lile lile la ng'ombe wa watu. Hakuweza kutuma neno zaidi ya hapo, maana alikuwa ameapishwa. Siku ya pili alichukua daftari akaandika upya yale aliyoyakumbuka, maksai, mnada, kulima tangu alfajiri, ada, kunyamaza. Hayo yalikuwa yamemchoma kiasi kwamba yalibaki. Akakaa kitandani, wakiwa wawili tu, akamsomea baba yake. Mzee alisikiliza, na macho yake yalikuwa yanaelewa. Kila aya alifumba na kufumbua macho, kukubali. Walipofika mwisho, Oliva alisoma alichokuwa amekitunga mwenyewe: "Mwanangu Sylvester, nakuomba unisamehe."

Mzee akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo, baba?"

Akatikisa tena.

Oliva akajaribu maneno mengine. Nilikukosea, mwanangu. Wewe huna hatia. Rudi nyumbani. Alijaribu kwa Kiswahili, akajaribu kwa Kiiraqw, lugha yao ya nyumbani, akajaribu ya kibiblia na ya kawaida. Kila mara kichwa kilikataa, na kila mara kwa nguvu kidogo zaidi, mpaka Marieta, aliyekuwa nje, akachungulia mlangoni na kumwambia amwache mgonjwa. Aliweka kalamu kwenye mkono wa kushoto wa mzee. Ikachora mkwaruzo mmoja na kuanguka. Siku tisa aliendelea kumuuliza. Kila siku alikuja na maneno mapya kama mtu anayejaribu funguo za watu kwenye mlango wake mwenyewe. Siku ya kumi mzee Yoakimu alikata roho huku Oliva akiwa anamsomea, na hata pale alikuwa hajakubali.

Nimewaona watu wakilia misibani. Oliva hakulia. Aliomba ile Mac, akachapa wasifu mzima wa baba yake, na alipofika mwisho aliandika "Kwa mwanangu Sylvester," akaacha nafasi. Alihifadhi kwa gumba, akatazama, akahifadhi tena. Padri Clement, aliyekuwa pembeni akisubiri kuchapa nakala, alimuuliza kama pale hajasahau kitu.

"Sijasahau, baba padri," alisema. "Nimepoteza."

Siku ya mazishi Sylvester alikuja. Alikuja kwa miguu, na koti kubwa lisilo lake, akasimama nyuma kabisa ya watu, karibu na ua, kama mgeni aliyepotea njia. Alikuwa na mvi. Oliva aliomba asome yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya kuandika wasifu za watu, na alisoma bila kunyanyua macho. Alipofika kwenye maksai, watu wakaanza kugeuka kumtazama Sylvester. Alisoma yote hadi mwisho. Alipofika kwenye ile nafasi alisema, "Hapa baba alimwambia Sylvester neno lake mwenyewe. Niliandika lakini sikuhifadhi. Kosa ni langu."

Baba mdogo Ignasi akasimama, amekamata fimbo yake. Naye ni mzee sasa.

"Karatasi ina sahihi ya kaka yangu?"

"Haina, baba mdogo."

"Nani mwingine alisikia?"

Oliva akamtazama Marieta, na Marieta akainamisha kichwa, maana yeye alikuwa kisimani.

"Basi hayo umeandika wewe," alisema Ignasi. "Unamwosha mdogo wako kwa maji ya marehemu. Sikulaumu, ni damu yako. Lakini usimpake kaka yangu matope siku anayolala ardhini. Tuendelee."

Watu wengine waliitikia kwa kuguna. Katekista mpya alianza wimbo haraka haraka. Oliva alikuwa ameandika maisha ya nusu ya makaburi ya wilaya hii, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ni kweli. Siku alipoandika kweli, akaulizwa sahihi. Alikunja karatasi, akashuka pale alipokuwa amesimama.

Baada ya kaburi kufunikwa udongo, watu wakielekea kwenye chakula, alimkuta Sylvester palepale nyuma ya ua. Hakuwa amesogea.

"Shikamoo, dada," alisema Sylvester.

"Marahaba, mdogo wangu."

Sylvester alikuwa akiitazama mikono yake.

"Alikuwa ananiona nimelala?"

"Alikuona. Alisema alipita karibu nawe, akasubiri kidogo. Nadhani alitaka uamke."

"Nilikuwa nimechoka siku ile," alisema Sylvester, taratibu, kama mtu anayeruhusiwa kwa mara ya kwanza kulisema. "Nilikuwa nimelima."

"Alilisema hilo. Hilo ninalikumbuka."

"Na hapo mwisho? Aliniambia nini?"

Oliva alijua hapo angeweza kudanganya. Alikuwa na maneno ya kumfaa, alikuwa ameyatunga kwa siku tisa, na mzee hakuwepo tena kutikisa kichwa. Sylvester angeyapokea na kwenda nayo Dirma na kuishi nayo.

"Sijui," alisema. "Yalipita mikononi, hayakupita moyoni. Nilimuuliza mpaka anakufa, na kila nililosema lilikuwa siyo lenyewe. Unisamehe, Sylvester. Nilisomeshwa kwa maksai uliolaumiwa wewe, na siku moja tu niliyotakiwa kukuandikia kitu, nikakipoteza."

Sylvester aliomba aione karatasi. Hakusoma haraka, shule yake ilikuwa ya darasa la sita, akafuatisha mistari kwa kidole mpaka akafika chini, kwenye ile nafasi.

"Yalikuwa mengi?" akauliza.

Hilo Oliva alilijua. Lilikuwa ndilo jambo pekee alilolijua, maana mpiga chapa husahau maneno lakini jicho lake hukumbuka yalipoishia.

"Mstari mmoja na nusu," alisema. Akamwonyesha kwa kidole, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, kisha mstari wa pili hadi katikati. "Yaliishia hapa."

Sylvester alipitisha kidole chake mwenyewe juu ya pale peupe, mstari mzima, kisha nusu, akasimama pale pale alipoonyeshwa. Akarudia. Kisha akaikunja karatasi, akaitia ndani ya koti, akamuaga dada yake kwa kumshika mikono yote miwili, na akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa, kwa sababu ng'ombe wa watu alikuwa amewaacha kwa kijana wa jirani na alikuwa ameahidi kurudi kabla hawajarudi zizini.